Kifua Changu na Dari ya Amerikani

Watu wanaokohoa wananijia. Wanafika asubuhi, wanakaa kwenye kigogo cha mlangoni, na kabla hawajamaliza salamu ninajua walichokuja nacho, maana nakisikia kikipiga filimbi kifuani mwao. "Karani, wewe ulipona kwa dawa gani?" Nikiwaambia sikupona kwa dawa, nilipona kwa kubomoa dari, wanatazamana. Wengine huondoka wakiamini nawaficha jina la mti. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Asiyejua kusoma atasomewa, na anayenishuku atakuwa walau na karatasi ya kunishuku nayo.

Mimi si mganga. Ninachokijua ni kifua kimoja, changu, na nyumba moja, yangu. Na kwa kuwa nataka kusema kweli, itabidi niseme na habari za wivu, maana ugonjwa ule sikuuugua peke yake. Niliuugua pamoja na wivu, na sina hakika ni upi ulionikondesha zaidi.

Mimi ni mtu wa ndani. Kaka yangu Ndahani alizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na makalio. Nilipokuwa mtoto, nikipelekwa kuchunga mbuzi, nilirudi nyumbani kabla ya mbuzi. Serikali ya Wadachi ilipotaka watoto wa kupeleka shule ya pwani, baba hakufikiri sana. Alinitoa mimi, kama mtu anayeombwa ng'ombe akatoa yule mwenye kilema. Huko nilikaa miaka mingi, nikajifunza kusoma, kuandika, hesabu na maneno machache ya Kidachi ya kumwitikia mkubwa. Nilirudi na kanzu mbili, sanduku la karatasi, na mwandiko ulioinama vizuri. Ningeweza kuwa karani wa boma, lakini makarani wa boma hutumwa safari, leo huku, kesho kule. Mimi nikajikalia kwetu Nkuhungu, kwenye kiti kifupi ndani ya mlango wangu, nikawaandikia watu barua za watoto wao waliokwenda kujenga njia ya gari la moshi. Waliniletea asali na kuku. Sikuhitaji kwenda popote, na sikwenda.

Nyumba zetu za Ugogo ni tembe: ndefu, za kimo kifupi, paa lake bapa la udongo limelala juu ya boriti na fito, vyumba vimelizunguka zizi. Upande mmoja alikaa Ndahani na watu wake, upande wa pili mimi na mke wangu Matika na binti yetu Nyendo, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Ndani ya tembe kuna mafiga, moto unawaka, moshi unapanda na kuzunguka juu, fito zinakuwa nyeusi na kung'aa. Masizi huanguka. Mimi niliona masizi yale yananiangukia mimi peke yangu, na kwenye barua, na kwenye kanzu. Pwani nilikuwa nimeona nyumba za watu wakubwa zina dari. Nikanunua amerikani, ile nguo nyeupe ya pamba, kwa Wahindi waliofungua duka karibu na stesheni, nikaitandaza chini ya fito zote, nikaikaza kwa vijiti. Nikaziba kwa udongo vile vitundu vya ukutani ambavyo wazee walivitoboa, kwa sababu viliingiza vumbi. Mwisho nikamwambia Matika ahamishie mafiga uani.

"Baba Nyendo," alisema, "paa la udongo lisilopata moshi linalia."

"Linalia nini?"

"Kifuku kikija utalisikia."

"Mimi nimesoma," nikasema. Maneno hayo nikiyakumbuka hata leo hujikuna kichwa ingawa hakiwashi.

Ndahani alikuja kuitazama dari. Aliinua kichwa, akaipiga kidole, ikayumba. "Mdogo wangu umelivika paa nguo ya ndani," alisema. "Haya. Mungu akujalie usilivue mbele ya wakwe." Akacheka. Kaka yangu akicheka huvuta pumzi moja ndefu kwanza, kama mtu anayetaka kuzamia, kisha anaitoa yote. Zamani sikuwahi kukiona hicho kuwa kitu cha kumwonea mtu wivu.

Kifuku cha kwanza, majira yetu ya mvua, kilianza vizuri. Udongo wa paa ulikunywa maji, ukavimba, ukatulia. Juu ya amerikani sikuona kitu, na kwa kuwa sikuona kitu niliamini hakuna kitu. Lakini nyumba ilianza kunuka. Ilikuwa harufu kama ya ngozi iliyosahauliwa kwenye maji. Matika alilalamika, nikamwambia ni harufu ya mvua. Yeye alikuwa akiingiza ndani vilindo vya uwele, yale mapipa yetu ya magome, mimi nikavisogeza kwenye pembe yenye giza karibu na kitanda ili wageni wasivione. Tulilala mimi, mke, mtoto, uwele wa mwaka mzima na sanduku la karatasi, mlango umefungwa, vitundu vimezibwa. Niliona hayo ndiyo maisha.

Kwanza kamasi. Kisha macho kuwasha. Kisha asubuhi moja nilitaka kumwita Matika, jina likatoka nusu. Nusu ya pili haikuwa na hewa ya kulibeba. Nilikaa kitandani nimeshika magoti, mabega yamepanda hadi masikioni, kifua kinalia kama mlango wa boma. Matika alinishika mgongo. Nilitaka kumwambia asiogope, nikashindwa, naye akaogopa.

Tangu siku hiyo mwili wangu ukawa wa mtu mwingine. Shingo ilikonda ikatoa kamba mbili. Nilijifunza kusema maneno mafupi: ndiyo, hapana, maji. Watu walioniletea barua waliona nimekuwa mkali, kumbe nilikuwa nabana matumizi. Nilijifunza pia kuwaonea watu wivu kwa mambo ambayo hawakujua kuwa wanayo. Mtu anayepiga mluzi akipita. Mwanamke anayepiga kelele kuita mtoto aliye bondeni. Siku moja nilimtazama mbuzi akikimbia, akapanda kichuguu, akasimama juu akitafuna, wala mbavu hazimwendi mbio. Nilimchukia mbuzi yule kwa moyo wote. Ndahani alipomchinja kwa ajili ya wageni nilikula nyama yake kwa raha isiyo ya kawaida.

Mganga wa kwanza alikuwa mzee wa kwetu. Alinichanja kifuani, akapaka unga mweusi, akanikataza maziwa. Nilisikia nafuu siku tatu, na siku zile tatu tulikuwa tumelala uani kwake. Hilo sikuliona. Kiangazi kilifika, paa likakauka, kifua kikalegea, nikadhani chale zimefanya kazi. Nikawasifia watu chale zangu.

Kifuku cha pili kilinirudisha nilikotoka na kunipeleka mbele zaidi. Ndipo nikaenda kwa Bwana Mganga wa Serikali. Hapo kuna baraza ndefu yenye mabenchi mawili, na kwenye mabenchi hayo nimekaa siku nyingi kuliko nilizokaa shuleni. Angalau makalio yangu yalikuwa na uzoefu. Unafika alfajiri, unakuta wengine wamekutangulia. Kuna mwenye kidonda cha mguu, kuna aliyevunjika mkono kwenye njia ya gari la moshi. Hawa, watu huwapisha, huwapa pole, huwauliza ilikuwaje. Mimi nilikuwa na kikohozi. Mtu mwenye kikohozi hapewi pole, anasogezewa benchi lililo mbali. Niliwaonea wivu wenye vidonda. Jambo lao lilionekana.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimsubiri mumewe, alinitazama siku ya tatu au ya nne, akafungua kanga yake akatoa kibuyu kidogo cha uji wa uwele wa moto. Hakuniuliza kitu. Alikishika kibuyu karibu na uso wangu mpaka mvuke ukanilegeza koo, kisha akasema, "Sasa kunywa, mwanangu, taratibu." Sikumwona tena. Katika miaka ile miwili hicho ni kimoja kati ya vitu vichache ambavyo sikuvionea wivu kwa mtu, maana nilipewa mimi.

Bwana Mganga alinisikiliza kifua kwa bomba lake, akanipa unga wa kutia kwenye maji, na msaidizi wake akanitafsiria: nisitoke kwenye baridi, nisinyeshewe, nikae ndani, nipumzike. Fikiria furaha yangu. Mtu wa ndani ameandikiwa ndani kuwa dawa. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo, nikafunga mlango, nikalala chini ya dari yangu. Kila siku niliitii amri hiyo, na kila siku nilizidi kuoza.

Ndani mle ndimo wivu ulipopata kazi. Mtu aliyelala mchana kutwa masikio yake hurefuka. Nilimsikia Matika akicheka uani kwa mke wa Ndahani. Nilimsikia akitoka kwenda kisimani na nikahesabu muda. Akirudi ananiuliza, "Umekunywa dawa?" Nami namuuliza, "Ulikuwa na nani?" Akaanza kupenda kukaa nje. Akiingia hukunja pua, hunusa pembe za nyumba kama mbwa, hutazama juu. Nikajua ananinusa mimi. Nilikuwa nimekonda, nanuka jasho na unga wa daktari, na yeye alikuwa mwanamke mwenye nguvu zake. Niliyajumlisha hayo nikapata jibu.

Jibu lilipata jina: Fundi Juma. Alikuwa mwashi, mtu wa mjini, babu yake alikuja na misafara ya pembe kutoka Unyamwezi akabaki. Alikuwa akijenga nyumba za watu wa stesheni, za madirisha na chokaa. Alikuja kwangu mara moja tu kuandikiwa barua, nikamwandikia. Baada ya hapo nikaona anapita njia ya kwetu sana. Nikamsikia Matika uani anamuuliza jambo, naye anamjibu kirefu, na mwanamume yule alikuwa na sauti, yaani sauti hasa, inayotoka tumboni bila kukwama mahali. Sikusikia walichosema. Nilisikia tu kwamba mke wangu anacheka katikati ya maneno ya mtu mwenye mapafu mazima.

"Yule fundi anataka nini?" nilimuuliza.

"Namuuliza mambo ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Baba Nyendo, lala."

Mvua ikiwa katikati, nilizidiwa. Ndahani alinipandisha punda akanipeleka Makutupora, anakokaa mama yetu kwa dada yake. Mama alinilaza ukumbini, mahali penye mlango mbele na mlango nyuma, upepo unapita, moto uko mbali kwenye kibanda chake. Alinipa mchuzi wa kuku na hakunipa kitu kingine. Siku ya nne nililala usiku kucha. Siku ya nane nilikwenda mwenyewe hadi kwenye mtama. Siku ya kumi nilimkemea mtoto wa jirani kwa sentensi ndefu, nikaimaliza, mama akalia kwa furaha.

Ndahani alikuja kunitazama. Alikaa akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza hakuniletea utani.

"Shikamoo mama," alisema, kisha akanigeukia. "Kule unakohoa. Huku hukohoi. Mvua ni ile ile. Kule kuna nini ambacho huku hakuna?"

Mama alitazama chini. Wote tulijua anachosema. Matika.

"Sisemi ni mchawi," Ndahani akasema. "Sisemi. Lakini watu wanasema, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Baba yake nitamwita. Tukae, tuzungumze. Mwanamke arudi kwao kwa heshima kabla watu hawajamtoa kwa mawe. Wewe unasemaje?"

Hapa ndipo ninapoona haya, na ningependa msomaji asiharakishe kupapita. Shule walinifundisha hesabu ya kutoa. Nilitoa nyumba ya mama kutoka nyumba yangu, ikabaki Matika. Sikukumbuka kutoa dari. Na si kwamba niliamini uchawi sana. Nilikuwa na kitu kibaya zaidi ya imani. Nilikuwa na Fundi Juma kichwani. Niliona afadhali mke aondoke kwa jina la uchawi kuliko abaki acheke na mwenye pumzi. Nikasema, "Muite baba yake."

Kikao kilipangwa mwezi ukiandama. Zilipobaki siku mbili, mpwa wa mama alirudi kutoka stesheni alikokwenda kuuza mbuzi, akakaa kunywa uji, akasema kama mtu anayetaja hali ya njia: "Nimepita kwako, Karani. Mkeo na yule fundi wanabomoa nyumba."

Sikusubiri mchana upoe. Nilipanda punda wa mama mkubwa, naye alikuwa mzee kuliko hasira yangu, hivyo nililala njiani nikafika kesho yake saa nne. Njia nzima nilitunga maneno. Nilikuwa na pumzi za Makutupora kifuani, nilizihifadhi zote kwa ajili ya kumfukuza mtu.

Nilichokikuta ni hiki. Matika yuko juu ya paa, amejifunga kaniki, jembe mkononi, udongo mwekundu umemjaa hadi kope. Nusu ya paa iko wazi, mvua zikiwa zimeanza kukatika, jua linaingia chumbani kwangu hadi kitandani. Nyendo amelala kwenye ngozi kivulini kwa mke wa Ndahani. Fundi Juma amesimama uani, ameishika amerikani yangu kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbali, uso ameugeuza pembeni.

Maneno yangu yote nikayasahau isipokuwa moja. "Mmenivunjia," nikasema.

"Mbukwa, Baba Nyendo," Matika akasema kutoka juu, salamu ya asubuhi ya kwetu, kama vile nimetoka kisimani. "Isogelee nguo yako."

Niliisogelea. Upande wa chini, ule nilioutazama miaka miwili nikiwa nimelala, ulikuwa mweupe wenye madoa. Fundi akaugeuza. Upande wa juu ulikuwa mweusi, una manyoya, kijani mahali, kama mgongo wa mnyama aliyekufa majini. Alipoutikisa kidogo ulitoa vumbi laini, na vumbi lile liliponifikia kifua kikakaza pale pale, mbele ya watu, nikashika ukuta. Pumzi za Makutupora zikaisha kwa mara moja.

Fundi aliitupa nguo mbali akanishika mkono kunipeleka penye upepo. Nilikuwa sina nguvu ya kumkataza.

Matika alishuka. Alisimama mbele yangu akisubiri nipumue, na hakuniharakisha.

"Ulipolala uani kwa mganga hukukohoa," alisema. "Ulipokaa barazani kwa daktari ulirudi umechangamka, ukiingia ndani unaanza. Vilindo vilivyo upande wako uwele umeota kuvu, vya mlangoni ni vizima. Nilikuambia, ukaniambia umesoma. Nikamuuliza huyu anayejenga nyumba za Wadachi wao wanafanyaje. Akaniambia nitoboe madirisha na nishushe hiyo nguo. Ningekuuliza, ungekataa. Nikangoja uondoke."

Nilikuwa bado naitafuta pumzi.

"Miaka miwili nimekuwa nikikutazama wewe," akasema. "Wewe ulikuwa unamtazama nani?"

Fundi Juma akaokota mwiko wake akaenda kutazama punda.

Kikao kilikaa kesho yake kwa sababu watu walikuwa wameshaitwa. Baba yake Matika alikuja kutoka Chang'ombe, mzee mfupi asiyependa maneno. Ndahani akaanza kwa heshima, akazunguka, akafika kwenye kule na huku. Nikamkatiza. Niliwaambia ni paa. Niliwaambia dari ni mimi niliyeitundika, vitundu ni mimi niliyeviziba, moto ni mimi niliyeutoa, na aliyekubali mke aitwe kikaoni ni mimi. Wazee waliinuka mmoja mmoja wakaenda kuinusa nguo, wakarudi wanafuta pua. Mmoja akasema kwamba nyumba isiyo na moshi hata nyoka hakai. Ndahani alimwomba Matika radhi mbele ya baba yake, na kwa kuwa ni kaka yangu hakuongeza mzaha.

Nilidhani imekwisha. Matika akamfunga Nyendo mgongoni.

"Nimesikia," alisema. "Jina la uchawi mmeniondolea. Lakini mume wangu alisema baba yangu aitwe, naye ameitwa, amekuja. Sitamrudisha mikono mitupu." Akamfuata baba yake.

Msomaji anayekohoa huenda anaona nimeacha habari za kifua. Sijaacha. Kazi ya nyumba niliifanya kiangazi chote kile, na niliifanya na Fundi Juma, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua. Kila siku nilimwona akipanda ngazi akiimba, nikasaga meno. Tuliondoa udongo wote wa zamani na fito zilizooza. Tukatandika fito mpya, tukaacha paa liteleze kidogo upande mmoja ili maji yasilale. Tukatoboa madirisha mawili yanayotazamana. Kuta za ndani tulizipaka chokaa. Vilindo vya uwele nilivihamishia kibanda cha nje, juu ya vichanja. Kitanda nilikiacha mkono mmoja kutoka ukutani. Ngozi na nguo nilizitoa juani kila siku, na sanduku langu la karatasi, Mungu anisamehe, nililifungua nikakuta barua za pwani zimeota kuvu, nikazichoma bila kuzisoma tena. Mafiga niliyarudisha ndani, ila moto nauwasha asubuhi ninapokuwa nje, unawaka mpaka paa lipate joto, kisha naondoa majivu na moshi unatoka wote kabla sijaingia, maana moshi nao si rafiki wa kifua. Na wa kufagia ni mtu mwingine, mimi nikiwa mbali, ufagio ukiwa umelowanishwa. Kiangazi kile, kwa kukosa mtu mwingine, nilifagia mwenyewe, kitambaa cha maji usoni, Ndahani akipita anauliza naficha sura kwa nani.

Siku moja nilimuuliza fundi, nikijifanya napima ukuta. "Mke wangu alikuwa anakwambia nini siku zote zile?"

"Kifua chako," akasema. "Kikilia, kikinyamaza, saa ngapi, upande gani wa nyumba. Ndugu yangu, nilichoka. Mimi mwenyewe nina mke, hajui hata kama nina kifua."

Nikaona anamwonea mtu wivu, na mtu huyo ni mimi. Sikumwamini hata hivyo. Kupona kifua kuna utaratibu wake. Hili lingine halina.

Kifuku cha tatu kilichelewa. Kila nikienda Chang'ombe nilikuta Matika anasaga, ananipa maji, ananipa mtoto nimbebe, ananiuliza, "Mvua imenyesha?" Nasema bado. "Basi hatujui kitu," anasema, anaendelea kusaga. Alikuwa na haki. Kiangazi hata zamani nilikuwa mzima. Nilirudi nikitazama mawingu kama mkulima, mimi ambaye sikuwahi kulima.

Ikanyesha. Ikanyesha siku sita mfululizo, mvua nzito, zizi likawa tope. Nilikaa ndani ya nyumba ile, madirisha wazi upande usiopigwa na mvua, nikisubiri kifua kama mtu anayesubiri askari mlangoni. Kilikaza kidogo siku ya pili, nikatoka, nikawasha moto, nikangoja, nikarudi, kikalegea. Siku ya sita jioni nilimwita Ndahani kutoka upande wa pili wa zizi, jina zima, na mvua ikinyesha. Akaitika, "Nini?" Sikuwa na la kumwambia.

Asubuhi ya saba nilikwenda Chang'ombe kwa miguu. Matika aliacha jiwe la kusagia, akanigeuza kwa mabega, akaweka sikio mgongoni mwangu, katikati ya bega na bega, mbele ya baba yake na majirani. Alisikiliza muda mrefu. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Bado kuna kitu kidogo upande wa kushoto," alisema.

"Kipo."

"Kitakuwepo."

"Ndiyo."

Aliingia ndani, akatoka na Nyendo na mzigo wa uwele, mzigo akanitwika mimi. Hakusema anarudi. Alianza tu kwenda, na alikwenda haraka, makusudi, kwenye tope, nami nyuma yake na uwele kichwani.

Karibu na njia ya reli tulikutana na Fundi Juma amebeba ngazi. Matika alisimama. Akamuuliza habari za mke wake, za watoto, za kazi, akamweleza ukuta wetu ulivyohimili mvua, akamwuliza chokaa ipakwe tena lini, naye akamjibu kirefu kwa ile sauti yake. Wakacheka. Nilisimama pale na mzigo kichwani, maji yananichuruzika shingoni, wivu umenijaa hadi puani, nikavuta hewa, ikaingia yote. Nikaiacha itoke taratibu, nikavuta nyingine. Walipomaliza maongezi yao nilikuwa bado nimesimama, nasubiri, wala sikuwa nimechoka.